Talaka Kutoka Mirihi

Nyumbani, 12 Januari

Mume wangu mtoro,

Pokea salamu za mkeo mkongwe uliyemtelekeza. Mabibi wote huwaita wajukuu zao waume, lakini katika mtaa huu ni mimi peke yangu ambaye mume wake ametorokea Mirihi. Mimi mzima. Watu huandika kwamba hofu ni kwako uliye mbali. Mimi kwako sina hofu. Hofu yangu ni kwa hao watano uliofungiwa nao, maana nimekulea tangu una miaka minne na najua unavyokoroma. Magoti yananiuma asubuhi, mchana yanaacha. Paka amezaa tena juu ya godoro la mteja, ikabidi nimwambie mteja asubiri uzazi uishe.

Mtaani wewe ni mtu mkubwa siku hizi. Kinyozi amekata gazetini ile picha yenu ya watu sita wenye ovaroli za rangi ya chungwa, akaibandika katikati kabisa ya kioo chake. Anayenyolewa sasa hajioni kichwa, anakuona wewe. Juzi muuza mkaa alitoka pale kanyolewa upande mmoja na akaenda zake bila kulalamika, kwa sababu muda wote walikuwa wanabishana. Muuza mkaa anasema, "Wanajenga safari ya uongo ndani ya bohari, na bomba letu linatoa maji siku mbili kwa wiki! Na waliyemchukua ni nani? Fundi bomba wetu!" Kinyozi naye, "Wewe huoni mbali. Siku watu wakienda kweli, utaomba tenda ya kupeleka mkaa."

Waliniuliza niko upande gani. Nikawaambia mume wangu ni mwanaanga, na asiyependa ahamie mtaa mwingine. Lakini hapa tuko wawili, nikuulize. Hivi kweli, mwanaume mzima, unajifungia mwaka mzima kwenye bohari ambalo mimi nalifikia kwa mabasi mawili, halafu unajifanya uko safarini angani? Ulipokuwa mdogo ulifanya hayo hayo chini ya meza yangu ya kushonea, tena bure.

Kazi ipo. Fundi saa wa pale kona ameleta godoro lake nilijaze upya. Ni lile lile nililolijaza mwaka jana. Nimelipasua nikakuta sufi bado nzima kabisa. Sijamwambia kitu, zee lile lina akili zake.

Jibu upesi, kabla hujafika mbali.

Mkeo, mshona magodoro

*

Ndani ya chombo, 25 Januari

Mke wangu mwenye maneno mengi,

Salamu zako nimezipata, na za magoti pia. Mimi sijambo. Nimepungua kidogo, ila daktari wetu anasema nilikuwa nimezidi. Watoto wa paka wagawie watu kabla hujawazoea.

Barua yako ilikaa kwa wakubwa zaidi ya wiki, na ni makusudi. Kadiri "tunavyosafiri," barua zinashikiliwa muda mrefu zaidi, za kuja na za kwenda, ili waone mtu anavumiliaje habari za nyumbani zikimfikia zimeshapoa. Kufika mwezi wa tano itakuwa wiki tatu. Najua utasema posta yetu imekuwa ikifanya jaribio hilo miaka yote bila kupewa sifa.

Kazi yangu ni maji. Humu ndani hayatoki wala hayaingii, yanazunguka tu. Ya kunawa, ya jasho, na hayo mengine unayoyawaza sasa hivi huku ukicheka, yote yanapita kwenye mashine yangu na kurudi kuwa ya kunywa. Daktari anasema ni safi kuliko ya bomba la mtaani. Nikamwambia bomba la mtaani halina uchafu, halina maji tu. Mwambie muuza mkaa nimelisikia neno lake na limenikaa. Watu sita humu hawajakosa maji hata asubuhi moja, na mimi ndiye ninayelihakikisha hilo, huku mke wangu anapanga foleni na ndoo. Ninayo hamu tu ya kujua kama mashine hii siku moja inaweza kufanya kazi nje ya bohari.

Kuna kitu gazeti halikuandika. Mlango wetu hauna kufuli. Ukiusukuma unatoka, unamkuta askari wa geti na barabara na mama anayeuza karanga. Ila akitoka mmoja jaribio limekufa, na mwaka wa watu sita umetupwa. Kila nikienda kwenye mashine napita kando ya mlango huo.

Kisichocheleweshwa ni ile saa ya redio tu, Jumapili ya mwisho ya mwezi, tunapojibu maswali ya wasikilizaji. Kwa kanuni nayo ingechelewa, lakini wenye matangazo ya biashara wamekataa kungoja.

Huyo fundi saa mwangalie sana. Mimi mume wako nina wivu.

Mumeo wa angani

*

Nyumbani, 2 Machi

Mume wangu,

Habari za huko kusiko na upepo? Hapa tunashukuru. Wanawe paka wamepata wenyewe, isipokuwa yule wa kijivu ambaye amekataa kuondoka. Maji sasa ni siku moja kwa wiki. Muuza mkaa amefurahi sana kwamba umekubali maneno yake, na kinyozi amekununia. Nimechelewa kujibu. Nilianza barua hii mara kadhaa, kila mara paka akailalia.

Sasa keti, kama huko kuna viti. Mkeo ameposwa.

Fundi saa alikuja kuchukua godoro lake. Hakulichukua, alilikalia. Akakivua kile kioo chake cha jichoni ambacho husahau kukivua akitoka dukani, akakifuta kwa shati, akasema, "Bibie, hili godoro halikuwa na shida." Nikamwambia najua. Akasema, "Hata mwaka jana halikuwa na shida." Hilo nilikuwa sijui.

Basi akaniomba tuzeeke pamoja, ingawa hiyo kazi ya kuzeeka kila mmoja wetu ameshaimaliza kwake. Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu, mume wangu yuko Mirihi. Hakucheka, alisema kwa zile adabu zake, "Basi nitangoja neno la huyo mume." Na kweli anangoja. Anataka mtu wa kwetu aseme, na mtu wa kwetu ni wewe, sina mwingine. Binti yake anamtaka ahamie kwake, mji wa mbali, na ameshamkatia tiketi ya basi la tarehe mosi mwezi wa sita.

Meno mawili ya mbele hana, lakini saa zote za dukani kwake zinakwenda. Haya, sema mume wangu. Unaniacha au huniachi?

Mkeo, bado wako mpaka useme

*

Ndani ya chombo, 21 Machi

Mke wangu mwenye visa,

Wewe ni mtu wa kuwekwa redioni! Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani. Watu wamecheka mpaka mhandisi akamwaga kikombe chake, na ni mimi niliyelazimika kuyanyonya yale maji sakafuni na kuyachuja upya. Pale kwenye "hata mwaka jana halikuwa na shida" daktari alishika mbavu.

Jibu langu ni HAPANA. Talaka sitoi! Mwambie huyo mzee kwamba nikishuka nitakuja na ovaroli yangu na kofia yangu ya kioo, tupimane nguvu mbele ya kinyozi, na muuza mkaa awe refa. Yeye atakutengenezea saa, mimi nimekuwekea sinki. Na hayo meno? Mke wangu unapenda mahindi ya kuchoma, utakuwa unamtafunia? Suala lako tumelipigia kura hapa mezani na matokeo ni sita kwa sifuri. Umekatazwa kuolewa na chombo kizima.

Nakuambia kweli, visa vyako vinanisaidia kuliko vidonge vya daktari. Siku hizi naota vumbi. Naota nafagia uwanja wako na vumbi linaniingia puani, naamka nimefurahi. Endelea kutunga. Barua ijayo nataka kusikia mzee amelileta godoro mara ya tatu.

Mumeo asiyetoa talaka

*

Nyumbani, 29 Aprili

Mjukuu wangu,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, natumaini nawe ni mzima. Barua yako ya mwezi wa tatu nimeipata. Nafurahi kwamba mlicheka, maana kukaa mahali pamoja muda mrefu kunachosha. Wasalimie wenzako wote watano.

Hapa hakuna jipya. Mvua zimenyesha za kutosha. Godoro la fundi saa amelichukua, atalisafirisha kwa basi pamoja na vifaa vyake vya kazi. Duka amemwachia kijana anayetengeneza simu.

Uliloamua nimemfikishia. Hakusema neno baya juu yako.

Fanya kazi yako vizuri na ule vizuri.

Bibi yako

*

Ndani ya chombo, 21 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mengine ya salamu nisamehe.

Barua yako imefika leo. Nimeisoma na kuirudia nikitafuta utani, hata mmoja. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia "mjukuu wangu." Hata nilipofeli mtihani uliniandikia "mume wangu mjinga." Sasa nimeelewa. Yule mzee alikaa kwenye lile godoro kweli. Alifuta kioo chake kweli. Wewe uliniuliza jambo la maisha yako kwa lugha yetu sisi wawili, na mimi nikalipeleka mezani likapigiwa kura. Nimeona aibu, Bibi. Sijawahi kuona aibu ya namna hii.

Nimewaambia wenzangu kwamba hakikuwa kisa. Hakuna aliyecheka. Mhandisi ameomba kura yake irudishwe.

Barua hii itashikiliwa wiki tatu na basi litakuwa limeshaondoka. Ndiyo maana leo baada ya chakula nilikwenda mlangoni. Niliweka mkono. Daktari alikuja akasimama nyuma yangu, akasema, "Mwanangu ameanza kutembea mimi nikiwa humu. Nimeona picha, tena zimechelewa. Ukitoka sitakulaumu, lakini mwaka wangu utakuwa umekwenda bure na mtoto sikumwona." Nilitamani anipige, ingekuwa nafuu. Nimeuondoa mkono.

Iko njia moja. Jumapili hii ni redio. Tumekatazwa kabisa kuongea mambo ya nyumbani hewani, na mtangazaji ana haki ya kutukata. Nitajaribu kuwa mwepesi kuliko yeye. Sijui kama fundi saa anasikiliza redio. Naomba Mungu kinyozi aifungulie kwa nguvu kama kawaida yake.

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshajua kama niliweza. Kama sikuweza, nifokee. Ila uniite mume.

Mjukuu wako mpumbavu

*

Nyumbani, 28 Mei

Mtalaka wangu,

Umenimaliza! Salamu utazikuta chini, kwanza nikupe habari.

Jumapili nilikuwa mlangoni kwangu nachambua sufi. Redio ya kinyozi unaijua, huhitaji kuwa na yako. Mtangazaji akasoma swali la mwanafunzi mmoja, eti huko mnakosa nini zaidi. Nikakusikia unakohoa, kile kikohozi chako cha kukamatwa jikoni. Halafu ukaanza, mbio mbio, kama mtu anayefukuzwa: "Mimi ni fundi bomba wa chombo na nina tangazo. Mke wangu, mshona magodoro, ambaye ni bibi yangu na tumeoana tangu nina miaka minne, leo nampa talaka. Si kwa ubaya. Kuna fundi saa anamtaka na mimi huku niliko simfai. Fundi saa, nakuomba usipande basi. Yeye hunywa chai bila sukari na hapendi kuambiwa apumzike." Pale mtangazaji akataja wadhamini na wakapiga muziki.

Ndoo za foleni zilitulia. Wa kwanza kusema alikuwa muuza mkaa: "Mabilioni yote yale, leo ndiyo yametufaa kitu!" Kinyozi yeye alikuwa anakodolea macho kiti chake kitupu. Aliyekuwa amekikalia ni fundi saa, ananyolewa kwa ajili ya safari. Akavuka barabara vile vile, kitambaa cha kinyozi shingoni, povu nusu ya kidevu. Akasimama mbele yangu, akasema, "Bibie, mumeo ameniruhusu." Nikamwambia akamalize kunyolewa kwanza. Niliogopa nikisema kingine nitalia mbele ya wateja.

Gazeti la jana limeandika kwa herufi kubwa, MWANAANGA AMWACHA MKEWE HEWANI. Inaelekea lile neno "bibi" hawakulisikia. Wanawake wanapiga simu redioni kukulaani, na mmoja amenitumia kanga ya kunifariji. Nimeipokea.

Nilijua unatania, mume wangu, nisingojee mpaka uulize. Lakini nilipomsomea mzee ile barua, yeye alisikia hapana, na mimi sikumsahihisha. Mlikuwa mmecheka watu sita. Nikajiambia labda ni jambo la kuchekesha kweli, mwanamke wa umri wangu kuulizwa hivyo. Nikaona bora niwe mpole nisichekwe tena. Sasa yamekwisha, usiyabebe.

Tunaandikisha ndoa Jumamosi, tarehe kumi na tano mwezi ujao. Hatutakungoja. Miezi iliyobaki mpaka utoke, kwako wewe ni michache, kwetu sisi ni mingi. Nakwambia wazi kwamba inaniuma. Nilitaka wewe ndiye ukae upande wangu. Atakaa kinyozi, na ameshaanza kujisifu. Nawe ule mlango usiuguse, nakujua. Kuna watu watano humo wameacha vya kwao, na mimi sitaki kuolewa kwa hasara ya watu.

Tukitoka kuandikisha tutapanda hayo mabasi mawili tuje huko. Kinyozi ameshakwenda kuongea na askari wa geti. Askari kasema mgeni haingii, lakini ukuta uko barabarani na barabara si yake. Mzee atakuja na nyundo, si ile ya saa, ya muuza mkaa. Barua hii itakufikia sisi tumeshapita. Lakini tutagonga.

Magoti hayajambo. Salamu kwa wote waliopiga kura.

Mtalaka wako mpenzi

*

Ndani ya chombo, 15 Juni

Bibi,

Shikamoo. Sijapata neno lako tangu lile la mwezi wa nne, kwa hiyo naandika gizani. Redio nimefungiwa mpaka mwisho wa safari. Wakubwa wameleta barua ya onyo, na hiyo haikucheleweshwa hata siku moja. Mashine inakwenda vizuri. Hapa wote ni wazima na hawanitanii tena, jambo linalonitisha.

Kila siku najiuliza kama mzee alisikia. Kuna wakati nakuona umekaa mlangoni na basi linapita. Siku hizo nafanya usafi wa mashine hata kama haijachafuka.

Leo mchana tulikuwa mezani. Ghafla ukuta wa upande wa barabara ukagongwa. Mara ya kwanza taratibu, kama mtu anayeona haya, halafu kwa nguvu, kwa chuma, na ikaendelea na kuendelea mpaka vikombe vikatetemeka. Tukaacha kula. Nilisimama nikaenda kuweka kiganja ukutani, na kila pigo lilinifika mkononi. Hakuna aliyeniambia nirudi kukaa.

Humu ndani chochote kinachogusa chombo kutoka nje lazima kiandikwe. Na kwa kanuni nje hakuna barabara, hakuna geti, hakuna watu, kuna anga tupu. Mhandisi akafungua kitabu cha safari, akanitazama, akaandika: "Vimondo vidogo. Chombo hakijadhurika." Daktari akaichukua kalamu, akaongeza chini yake: "Fundi bomba analia. Hali yake ni nzuri."

Wakaniletea nitie sahihi, nikatia.

Mtalaka wako